Rangi bila rangi: jihadhari na asidi na umeme



Koltani inayochimbwa Numbi unaijua. Je, unajua mwisho wake? Ndani yake mna metali mbili, tantali na niobi. Viwandani ng'ambo, unga wa tantali unakandamizwa na kuchomwa mpaka kuwa kidonge. Kidonge kinatiwa katika maji yenye asidi kidogo, umeme unapitishwa, na metali inaota ngozi ya oksidi. Kila volti 1 inaongeza unene wa nanomita 2 hivi. Ngozi hiyo inazuia umeme, kwa hiyo tantali inatumika ndani ya simu.

Ngozi yenyewe ni angavu kama kioo. Lakini juu ya niobi inaonyesha buluu, manjano au zambarau, wala hakuna aliyepaka rangi. Nuru nyingine inarudi kutoka juu ya ngozi, nyingine kutoka chini yake. Zikikutana, rangi inatokea. Ukibadili volti, rangi nayo inabadilika.

Kazi kama hii inawezekana hata katika atelie ndogo, hasa kwa aluminiumu: asidi ya sulfuriki na volti 12 hadi 20 zinatosha. Lakini anayeanza na beseni ya jikoni na asidi ya batri, azingatie haya:

1. Tia asidi katika maji, pole pole. Ukitia maji katika asidi, yatachemka na kukurukia usoni.
2. Vaa miwani ya kufunika macho, glavu na tabliye ya mpira.
3. Fanyia kazi mahali penye hewa. Upande wa hasi unatoa gesi ya idrojeni. Sigara moja yatosha kuilipua.
4. Kata umeme kabla ya kutia mkono. Niobi inahitaji volti nyingi zaidi, na mkono uliolowa unapitisha umeme upesi.
5. Usiweke asidi katika chupa ya bia. Mtoto mwenye kiu haulizi.
6. Usiimwage katika mto Kawa, kwani maji yake yanaingia ziwa Kivu. Ichanganye na maji mengi, kisha tia chokaa kidogo kidogo.

Asidi ikiingia jichoni, osha kwa maji safi dakika 20, kisha nenda hospitali upesi. Usitie mafuta wala maziwa. Na kwa kuwa bomba laweza kukauka, jaza bidoni mbili za maji kabla ya kuwasha umeme.

Kipande cha aluminiumu kikiharibika, utatafuta kingine. Jicho hutalipata sokoni Kadutu.