Shituru: Mama akitoka gerezani, nani atamfungulia mlango?

Likasi – Siku ya kutoka gerezani ingepaswa kuwa ya furaha. Lakini kwa wamama wengi, ndipo taabu ingine inaanza: bwana ameoa mwingine, jamaa inaona haya, watoto wametawanyika kwa ndugu, na hakuna anayetaka kumpangisha nyumba.

Katika komini ya Shituru, penye viwanda vya Gécamines, jambo hili si la mbali. Gereza la Buluo liko karibu na Likasi, na lile la Kasapa liko Lubumbashi, kilomita kama 120. Kule Kasapa, mwishoni mwa Septemba 2020, wafungwa waliasi siku tatu, upande wa wanawake ukachomwa moto, na makumi ya wamama wakabakwa. Anayetoka mahali pa namna ile anahitaji zaidi ya pesa ya basi.

Je, waamini wanaweza kuanzisha nyumba ya kuwapokea? Mifano iko. Septemba 1864, padri Mdominikani Jean-Joseph Lataste alihubiri kwa wafungwa karibu 400 katika gereza la wanawake la Cadillac, Ufaransa. Aliingia na mashaka, lakini aliwaita dada. Mwaka 1866 alianzisha Béthanie, shirika ambamo waliotoka gerezani na wale wasiofungwa hata siku moja waliishi pamoja kama masista. Nguo ni moja, meza ni moja, na siri inatunzwa: hakuna anayeambiwa nani alitoka wapi. Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri mwaka 2012.

Lakini si kila mama anataka kuwa sista. Kule Nashville, Marekani, padri mwanamke wa Kianglikana, Becca Stevens, alifungua nyumba mwaka 1997 na wanawake watano tu, wengi wa namna yao wakiwa wamepita gerezani na barabarani. Wanakaa miaka miwili bila kulipa. Mwaka 2001 kikaongezwa kiwanda kidogo cha mishumaa na mafuta ya mwili, ili wapate mshahara.

Kwa parokia au kanisa la Shituru, hesabu inaweza kuanza hapo: vyumba vichache, kazi ya mikono, na mtu wa kuwatembelea wamama wangali gerezani. Kanuni za Bangkok za Umoja wa Mataifa, za mwaka 2010, zinaomba matayarisho yaanze mbele ya kufunguliwa.

Kinachobaki ni majirani. Wakimsonta kidole kila akienda kuchota maji, hata nyumba nzuri haitamsaidia.