Wanaodai Vitu vya Mababu Wameachwa Peke Yao

Tarehe 4 Desemba 1884, watu waliotumwa na Luteni Émile Storms, Mbelgiji aliyejenga boma lake Mpala, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, walivamia kijiji cha Lusinga, sultani wa Watabwa. Walimuua, wakamkata kichwa. Fuvu lake lilipelekwa Ubelgiji pamoja na sanamu ya mbao ya ukoo wake: mwanamume aliyesimama, mwili una chale, nywele zimesukwa zikateremka mgongoni. Sanamu hiyo iko katika makumbusho ya Tervuren. Fuvu lilihamishiwa Taasisi ya Sayansi Asilia ya Brussels mwaka 1964. Storms naye alipanda cheo hadi jenerali, na sura yake ya kuchonga ilisimama katika bustani ya jiji hilo hadi ilipoondolewa mwaka 2022.

Lusinga hakuwa mtu mwema kwa kila jirani yake. Alikamata na kuuza watumwa. Hilo halimpi mgeni haki ya kichwa chake. Swali linalonisumbua ni jingine: leo nani anaweza kusimama akadai, na akisimama anapatwa na nini?

Kulikuwa na wakati dai la kurudishiwa vitu vya mababu lilikuwa na sauti kubwa. Oktoba 1973 Mobutu, rais wa Zaire, ndiyo Kongo yetu ya leo, alilipeleka mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, na Desemba mwaka huohuo Baraza likapitisha azimio namba 3187 kuhusu kurudishwa kwa kazi za sanaa. Kati ya 1976 na 1982 Tervuren ilitoa vitu 114. Baadaye makumbusho yetu yakaporwa, na baadhi ya vitu vilivyorudi vikaonekana tena sokoni Ulaya. Katika nchi iliyozoea utawala wa chama kimoja, mfanyakazi gani wa makumbusho angethubutu kuuliza hadharani vimetokaje ghalani? Kwa maoni yangu mporomoko wa dai hilo ulianzia hapo. Dai lilikuwa la rais, na wananchi walifundishwa kumpigia makofi tu.

Nje ya nchi nako anayesema hulipa gharama. Mjerumani Herbert Ganslmayr, mkuu wa makumbusho ya Bremen, alipounga mkono madai ya Waafrika miaka ya 1970, wakuu wenzake walimgeuka. Juni 2020 Mkongomani Mwazulu Diyabanza na wenzake waliingia makumbusho ya Quai Branly, Paris, wakang'oa nguzo ya kaburi ya karne ya 19 na kutembea nayo ukumbini huku wakijirekodi. Walizuiwa kabla ya kutoka. Kosa waliloshtakiwa nalo lingeweza kuwaletea kifungo cha miaka 10 na faini ya euro 150,000. Mahakama ilimtoza Diyabanza euro 1,000. Nisingemshauri kijana yeyote afuate njia hiyo. Lakini mtu huvunja mlango aliouona umefungwa kwa muda mrefu, na kilichofuata ni kubishania mwenendo wake, si historia ya ile nguzo.

Ubelgiji ilipitisha sheria ya kurudisha vitu mwaka 2022. Ni hatua, nakiri. Ila mazungumzo ni ya serikali kwa serikali. Ukoo au usultani hauna mlango wake. Mabaki ya binadamu hayamo. Tena sheria inahesabu vitu vilivyopatikana kuanzia 1885, na Lusinga aliuawa 1884. Hapo hakuna aliyetukanwa wala kutishwa, lakini sauti ya mwenye mali imezimwa kabla hajafungua kinywa.

Huku nyumbani hali inauma zaidi. Chukua Manono, nchi ya Waluba, ambayo wageni siku hizi huitaja kwa sababu ya lithiamu. Waluba wana lukasa, kibao cha mbao cha kushika mkononi, kilichopambwa kwa shanga na simbi. Wajuzi wa chama cha Mbudye hukisoma kwa kidole, wakipita kutoka ushanga hadi ushanga, na njiani wanataja wafalme, safari, mipaka, mahali patakatifu. Kibao hicho kikifungiwa kabatini Ulaya ni mbao nzuri tu. Ushahidi wake uko kwa mzee. Na mzee huyo, akihifadhi vitu vya mizimu, anaweza kuitwa mchawi, si na mhubiri tu bali hata na wajukuu wake. Vita vya 1998 hadi 2003, kisha mapigano ya Watwa na Waluba kuanzia 2013, viliwasukuma watu wengi kambini, hadi Kalemie. Anayeona sanamu ikiuzwa kwa mfanyabiashara anapima kwanza: nikisema, nani atanilinda usiku? Mara nyingi jibu ni hakuna, basi ananyamaza, na siwezi kumlaumu.

Ordonansi-sheria ya 15 Machi 1971 iliandikwa ili kulinda mali za utamaduni za nchi yetu. Inavihusu vitu. Wabunge wa mkoa wa Tanganyika, walio Kalemie na walio Kinshasa, wadai nyongeza inayomlinda mtu anayetoa taarifa au ushahidi juu ya vitu hivyo, na wadai masultani wa Moba, nchi ya Watabwa, na wa Manono wawe na viti katika mazungumzo na Brussels. Wasisubiri kufanya hivyo mpaka wazee wanaojua kusoma lukasa wawe wamekwisha kuzikwa.