Mpira ndio mshahara: Mbwa hufuzu mitihani ya utiifu kwa mchezo kuliko kwa kiboko

MBWA aliyefunzwa kwa kiboko hutambulika mapema akiingia uwanjani. Mkia ameubana, masikio yamelala nyuma, na kila hatua anamtazama bwana wake kama mtoto anayengoja kofi. Huenda akatimiza yote anayoamriwa, lakini kwa uzito, na katika mashindano ya utiifu uzito huo humpunguzia alama.

Mwingine huingia akiwa ameinua mkia. Macho yake hayabanduki usoni pa mwenyewe na anatembea ubavuni kana kwamba wamefungwa kwa uzi mmoja. Mbwa hawa wawili wanajua amri zile zile. Tofauti yao ni malipo waliyopata walipokuwa wakijifunza.

Suala hili linawahusu pia wafugaji wa Afrika Mashariki ambao hawajawahi kufikiria mashindano. Wengi hununua mbwa wa bei kubwa kwa ajili ya ulinzi wa boma, wakamkabidhi kwa mkufunzi kwa wiki kadhaa, kisha wakarudishiwa mnyama anayemkokota mwenyewe barabarani na kuziba masikio anapoitwa. Kwa mkufunzi alikuwa mtiifu. Nyumbani hamjui mtu. Fedha zimekwenda, na mbwa mkubwa asiyesikia ni hatari kwa watoto wa jirani.

Mitihani ya utiifu si jambo la jana. Nchini Marekani ilianzishwa na mfugaji wa mbwa aina ya poodle, Bi. Helen Whitehouse Walker, aliyechoshwa na watu waliodai kuwa mbwa wake ni mapambo tu. Mwaka 1933 aliandaa shindano huko Mount Kisco, jimbo la New York, ambalo lilivutia mbwa wanane. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1936, chama cha American Kennel Club (AKC) kiliridhia kanuni rasmi. Mwaka 1937 Bi. Walker na mwenzake Blanche Saunders walifunga tela nyuma ya gari, wakapakia poodle watatu na kuzunguka Marekani takriban kilomita 16,000 wakionyesha kazi hiyo. Nchini Uingereza, ubingwa wa utiifu umekuwa sehemu ya maonyesho maarufu ya Crufts tangu mwaka 1955.

Katika daraja la kwanza la AKC mbwa huanza na jumla ya alama 200, na mwamuzi hupunguza kadiri makosa yanavyojitokeza. Mbwa hutembea ubavuni akiwa na kamba, huzunguka watu wawili kwa mchoro wa nambari nane, husimama tuli huku mwamuzi akimgusa, hutembea tena bila kamba, huja anapoitwa, na hubaki mahali alipoachwa. Kuketi upande kidogo tu kunaweza kugharimu nusu alama. Kutokuja kwa wito wa kwanza ni sifuri katika zoezi hilo. Ili kufaulu, mbwa anahitaji angalau alama 170 na zaidi ya nusu ya alama za kila zoezi, na ni lazima afaulu hivyo mara tatu kabla ya kupewa cheo. Tangu mwaka 2010 AKC huwaruhusu hata mbwa chotara kushindana, hivyo ukoo si kisingizio tena.

Kanuni inayowasumbua wengi ni nyingine: ndani ya uwanja haruhusiwi mtu kuingia na chakula wala kitu cha kuchezea. Amri ya pili hugharimu, na kuvuta kamba vivyo hivyo. Kwa maneno mengine, mbwa anatakiwa afanye kazi ya dakika kadhaa kwa furaha, mbele ya mtu asiye na kitu mkononi.

Hapo ndipo wapinzani wa mchezo huinua sauti. Kama mbwa amezoea mpira, wanauliza, atafanyaje kazi siku ambayo mpira haupo? Swali ni zuri, na jibu lake ndilo linalotenganisha ufundi na ubabaishaji.

Wakufunzi wanaotumia njia hii huanzia kwenye silika. Mbwa ni mwindaji. Hata yule anayekula ugali na mabaki ya jikoni, ukimburuzia kitambaa mbele yake atakirukia, atakikamata na kukitikisa kama amenasa sungura. Nguvu hiyo, ambayo hapa tuiite mori wa kuwinda, haihitaji kufundishwa. Kazi ya mfugaji ni kuuamsha mori huo anapotaka, kuuzima anapotaka, na kuhakikisha kwamba mlango wa kuufikia ni mmoja tu, nao ni kutii.

Vifaa si ghali. Kipande cha gunia kilichokunjwa na kushonwa, taulo kuukuu lililofungwa mafundo, au mpira uliotobolewa na kupitishwa kamba vinatosha. Mpira usiwe mdogo kiasi cha kuweza kumezwa, na mpira wa tenisi usiachwe autafune kutwa kwani manyoya yake husaga meno. Mtoto wa mbwa anayebadilisha meno, yaani kati ya miezi minne na saba hivi, asivutwe kwa nguvu. Kifaa hicho kisizagae uani: hukaa kabatini na hutoka na mwenyewe tu, kwani kitu ambacho mbwa analala nacho hakina thamani ya mshahara.

Somo la kwanza huwa halina amri hata moja. Mwenyewe huburuza kitambaa chini kwa mwendo wa kushtukiza, kikimkimbia mbwa badala ya kumfuata mdomoni. Watu wengi hukosea hapa. Humsukumia mbwa kitu puani kisha wakalalamika kwamba hapendi kucheza. Ni windo gani linalojileta mdomoni mwa simba? Mbwa akishakamata, mtu huvutana naye kidogo, humwachia ashinde mara kwa mara, na hufunga mchezo wakati mbwa bado ana hamu. Dakika tatu zinatosha, asubuhi au jioni wakati jua halijawa kali, kwa kuwa mbwa hupatwa na joto haraka.

Somo la pili ni kuachia, na ndilo uti wa mgongo wa kazi yote. Badala ya kumfinya mdomo, mwenyewe huacha kuvuta, akakibana kitambaa pajani pake kikawa kama kimekufa. Mbwa atavuta peke yake, atachoka, atalegeza taya. Sekunde hiyo hiyo huambiwa "achia", na papo hapo huruhusiwa kushika tena na mchezo kuendelea. Baada ya siku chache anaelewa jambo ambalo kiboko hakiwezi kulifundisha, kwamba kutoa ndiko kunakorudisha. Meno yakigusa mkono, hata kwa bahati mbaya, mchezo unakwisha na kitambaa kinarudi kabatini.

Kutoka hapo utiifu unaingizwa taratibu. Mbwa anaurukia mpira. Mtu anasimama kimya ameuficha. Mbwa anahangaika, anabweka, hatimaye anaketi na kuinua macho. "Ndiyo!" na mpira unaruka. Neno hilo fupi ni kama risiti: linamweleza ni kitendo kipi hasa kilicholipwa. Likichelewa hata sekunde mbili, mbwa atakuwa ameshageuza kichwa, na atakayekuwa amelipwa ni kichwa kilichogeuka.

Kutembea ubavuni hujengwa hivyo hivyo. Wakufunzi wengi hubana mpira chini ya kwapa la kushoto, upande anaotembea mbwa, ili macho yake yaelekee juu. Hatua moja nzuri, kwapa linafunguka, mpira unaanguka mdomoni. Kesho hatua tatu, wiki ijayo kumi, kisha mbili tena ili mbwa asizoee hesabu. Mahali mpira unapotokea huamua mbwa atakavyokaa: ukitoka kila mara mbele ya magoti, atajipinda na kumkwaza mwenyewe, na hizo ni alama zinazopotea.

Sasa lile swali la uwanja usio na mpira. Mfugaji anayeonyesha mpira kwanza ndipo atoe amri anahonga, halipi. Mbwa wake hujifunza kukagua mkono kabla ya kuamua kama atasikia. Anayetoa amri kwanza na kuleta mpira baadaye, kutoka mahali asipotarajia mbwa, humfanya aamini kwamba malipo yapo hata kama hayaonekani. Ndiyo maana mpira huhama mapema: kutoka mkononi hadi kwapani, kutoka kwapani hadi mfukoni, kisha mgongoni. Mwishowe huwekwa juu ya kiti pembeni mwa uwanja, mbwa akiona. Mtu na mbwa huondoka kuelekea upande mwingine, hufanya kazi yao, kisha wote wawili huukimbilia pamoja. Mbwa anayeweza kukipa kisogo kitu anachokipenda ili akipate baadaye yuko tayari kwa mwamuzi.

Zipo tafiti zinazounga mkono mtazamo huu. Hofu ya zamani kwamba mbwa akishinda katika kuvutana atajiona mkubwa wa nyumba ilipimwa na Nicola Rooney na John Bradshaw wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, ambao matokeo yao kuhusu mbwa 14 wa aina ya Golden Retriever yalichapishwa mwaka 2002. Washinde au washindwe, mbwa hao hawakuota mapembe. Baada ya mchezo walionekana kuwa wasikivu zaidi. Mwaka 2004 watafiti hao pamoja na mwenzao Elly Hiby walichapisha majibu ya wafugaji 364, na waliotumia zawadi ndio walioripoti utiifu mkubwa zaidi. Adhabu iliambatana na wingi wa tabia mbaya. Dodoso haliwezi kuthibitisha lipi lilizaa lipi, lakini mwaka 2020 watafiti nchini Ureno waliwachunguza mbwa 92 wa shule za mafunzo, wakaona waliofunzwa kwa njia za kuumiza walikuwa na dalili nyingi za msongo wa mawazo.

Utafiti wa mwaka 2017 ulikuwa na matokeo ya aina nyingine. Kati ya Labrador 16 waliofundishwa kazi mpya, wale waliochezeshwa baada ya somo walikumbuka haraka zaidi siku ya pili kuliko wale waliopumzishwa tu. Kwa mfugaji mwenye muda mchache hiyo ni faida ya bure.

Hata hivyo, mori una hasara zake. Mbwa aliyepandishwa kupita kiasi hubweka akitembea, hutangulia nusu hatua, huruka kumgonga mwenyewe, na huwa hasikii maneno. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walilinganisha mbwa wanaoandaliwa kusaidia walemavu na mbwa wa kawaida wa nyumbani katika kazi ya kuzunguka kizuizi ili kumfikia mtu. Walipochangamshwa kwa sauti ya shangwe, wale wa nyumbani walizidi kukosea, ilhali wale watulivu wa kazi walifanya vizuri zaidi. Kwa hiyo mbwa mwenye moto mwingi mpunguzie, mzito mwongezee. Wapo ambao mpira hauwasisimui kabisa; hao walipwe kipande cha nyama au dagaa, na hakuna aibu katika hilo.

Zoezi la kubaki mahali ndilo linaloadhibu papara. Hapo mori hauna kazi. Mbwa hulipwa akiwa ametulia, kwa chakula kinachowekwa polepole kati ya miguu yake au kwa kupapaswa. Ukimrushia mpira kutoka mbali ukiwa bado umemwacha ameketi, umemfundisha kuinuka. Wengi hufundisha zoezi hili wakati tofauti wa siku, mbwa akiwa ameshachoka, ili asilichanganye na mchezo.

Wanaodhani haya ni mambo ya Ulaya tu waangalie kazi iliyofanyika Usa River, mkoani Arusha. Mpango wa mbwa wa African Wildlife Foundation ulioanza mwaka 2014 uliwaandaa huko mbwa wa kunusa meno ya tembo na pembe za faru, pamoja na waongozaji wao, na baadhi wakapelekwa kazini katika bandari ya Mombasa na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi. Mbwa hana haja na jino la tembo. Anatafuta kontena baada ya kontena kwa sababu mwishoni kuna mpira na mtu wa kucheza naye. Kazi ni tofauti na ile ya uwanja wa utiifu. Mshahara ni ule ule.

Anayetaka mkufunzi aombe kwanza kumwona akiwa kazini na mbwa mwingine, aangalie mkia, kisha akubaliane naye kuwa masomo ya mwisho atayafanya mwenyewe huku mkufunzi akisimama kando. Utiifu unaojengwa kwa mchezo humwelekea anayecheza. Mbwa aliyechezeshwa na mgeni kwa wiki sita na kurudishwa kwa bwana asiyemgusa atamtii mgeni, na hakuna wa kulaumiwa ila mkataba.

Siku ya mtihani, mpira huachwa nje ya kamba kwa ndugu au rafiki. Mwenyewe humchangamsha mbwa dakika chache kabla ya kuitwa, hukabidhi mpira, huingia mikono mitupu. Mwamuzi akishatamka kwamba zoezi la mwisho limekwisha, wawili hao hutoka kwa utulivu na kamba, maana hata kutoka kunatazamwa. Wakishapita lango, mbwa hupewa mpira wake.