Bia ya asili nayo ni pombe

Wazazi huniuliza kama pombe ya asili ina nafuu kuliko ya kiwandani. Uingereza bia ya asili ina watetezi wake, CAMRA, chama kilichoanzishwa mwaka 1971 na vijana wanne waliochoshwa na bia za viwanda vikubwa, zilizochujwa, kupashwa moto na kutiwa gesi. Wanachama wake hutetea bia inayoendelea kuchachuka ndani ya pipa, pombe ya tufaha, na baa za mitaani zisifungwe. Kwenye matamasha yao ya bia hujitolea kuhudumu bila mshahara.

Kazi yao naiheshimu. Kwa mzee anayeishi peke yake, baa ya kijiji huenda ndiyo sehemu pekee anapoongea na watu. Lakini wanachopigania ni ladha. Ini halitofautishi kilevi cha pipa na cha chupa.

Tupige hesabu. Painti moja, mililita 568, ya bia yenye kilevi asilimia 4 ina mililita 23 hivi za kilevi halisi. Mwaka 2016 waganga wakuu wa serikali huko walishauri mtu mzima asizidishe mililita 140 kwa wiki, yaani painti sita, tena zigawanywe siku tatu au zaidi. Pombe ya tufaha ya asilimia 6? Painti nne tu, na kwa utamu wake hunyweka upesi.

Mjamzito asionje kabisa. Mtoto akiinywa akidhani ni juisi, usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja, kwani sukari mwilini yaweza kushuka akapoteza fahamu.