Mafuta Katika Breki ya Nyuma ya Vespa

Katika pikipiki za kawaida gurudumu la nyuma huzungushwa kwa mnyororo. Vespa, iliyoanza kutengenezwa Italia mwaka 1946, iliundwa kwa namna nyingine. Ngoma ya breki ya nyuma hufungwa moja kwa moja kwenye ekseli itokayo ndani ya giaboksi. Kwa hiyo kinachozuia mafuta ya gia yasiifikie breki ni sili tu, yaani pete ya mpira yenye mdomo mwembamba.

Breki hufanya kazi kwa msuguano, na mafuta huupunguza msuguano. Vespa yenye breki iliyolowa huchelewa kusimama, na pengine gurudumu hushika ghafla na kuteleza. Hapana budi chanzo kitafutwe kabla ya safari nyingine.

Dalili za kwanza

Ngoma ivuliwe. Vumbi lisipulizwe, kwani viatu vya breki vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, ambayo hudhuru mapafu. Lifutwe kwa kitambaa kibichi. Kisha ichunguzwe njia ya mafuta:

(a) Yakianzia katikati, kandokando ya ekseli, sili imechakaa. Gurudumu likitikisika kwa mkono, huenda nati imelegea au beringi imelika. Sili mpya pekee haitadumu.

(b) Ndani pakiwa pakavu, bali tairi na nje ya ngoma vimelowa, pachunguzwe kifuniko cha klachi na mkono wake.

(c) Yakinuka petroli, huenda yanatiririka kutoka kwenye kabureta.

Sili mpya inapovuja tena

Mara nyingi fundi hubadilisha sili, na baada ya siku chache mafuta hurudi. Hapo kosa huenda limo ndani zaidi. Injini ya Vespa za zamani ni ya mapigo mawili: pistoni ishukapo, hewa na petroli hushindiliwa katika chumba cha kranki. Chumba hicho hutenganishwa na giaboksi kwa sili nyingine, upande wa klachi. Ikiharibika, shindikizo hupenya na kuyasukuma mafuta kuelekea breki. Pistoni ipandapo, injini huweza kuyafyonza mafuta hayo na kuyaunguza.

Kipimo chake ni rahisi. Vespa isimamishwe wima, na skrubu ya kujazia ifunguliwe. Mafuta yapaswa kufikia ukingo wa tundu. Yakiwa yamezidi, mepesi, na yananuka petroli, au yakiwa yamepungua huku moshi mweupe mzito ukitoka, sili ya kranki ndiyo ya kushukiwa. Yakiwa yamezidi bila harufu, huenda yalijazwa kupita kiasi. Aina nyingi huhitaji robo lita tu.

Viatu vilivyonyonya mafuta vitupwe. Hata vikioshwa, joto la breki huyatoa tena mafuta yaliyojificha ndani, na hatari hurudi pale pale.