Kuinua Land Cruiser: uliza kwanza itabeba nini

Mvua ikianza tu, magaraje ya Kolwezi yanajaa Land Cruiser na Hilux zinazoletwa kuinuliwa. Wenyewe wanataka kupita mu matope ya njia ya Mutshatsha na Kasaji, na wako na haki. Lakini wengi wanamwambia mekanisie neno moja tu: « Uipandishe juu sana. » Kilo ngapi itabeba, hakuna anayesema.

Mwenzetu mmoja alikatwa kazi, akapokea dekonti finali yake, akanunua Land Cruiser ya okazio afanye transpori ya mihindi na watu. Miaka yake yote ya shimo njo ilikuwa mu ile motokari. Ku garaje wakamwekea bloki za chuma kati ya malame na ponti ya nyuma, mbele resori ndefu. Ikawa ndefu kweli, watoto wa kartie wakatoka kuiangalia. Mwezi wa pili, mu mteremko, imejaa magunia na watu wamekaa juu ya magunia, akakanyaga freni. Ya nyuma haikusaidia kitu. Akaingia mu viraji na mbio ingali nyingi, ikapinduka. Hakuna aliyekufa. Mama mmoja alivunjika mguu, na motokari ikauzwa vipande vipande. Bibi yake aliniambia: « Yaya, ile bloki njo ilikula makuta ya bana. »

Juu ya nini freni ya nyuma ilikosa nguvu? Hilux mingi na Land Cruiser za zamani zisizo na ABS ziko na repartiteri ya freni: kifaa kidogo kwenye shasi, kimeunganishwa na ponti ya nyuma kwa fimbo ya chuma. Motokari ikibeba, shasi inashuka, fimbo inasukumwa, freni ya nyuma inapewa nguvu zaidi. Ikiwa tupu, shasi iko juu, freni ya nyuma inapunguziwa ili mapine yasiteleze. Sasa wewe umeweka bloki, shasi imebaki juu hata na mzigo. Kile kifaa kinafikiri motokari ni tupu. Ni lazima fimbo irekebishwe siku ileile ya kuinua, na magaraje mengi hayaigusi.

Kuko kitu kingine ambacho watu wanachanganya. Resori ndefu inapandisha shasi na bodi, ponti inabaki fasi yake. Na ile nundu ya ponti njo inagonga jiwe katikati ya njia. Kinachoipandisha ni pine kubwa tu, tena kwa nusu: kimo cha pine kikiongezeka sentimetri 5, ponti inapanda 2,5. Ukiweka pine kubwa, ujue pia kompteri itakuonyesha mbio ndogo kuliko mbio unayokwenda.

Kwa motokari ya kazi, sentimetri 5 zinatosha. Ukipita pale, gharama zinafuatana: usukani unakuwa mwepesi na motokari inatangatanga, kardani inapinda inaanza kutetemeka, mipira ya freni inavutwa mpaka inaweza kukatika pine ikining'inia mu shimo. Kila kimoja kiko na dawa yake, na kila dawa iko na bei. Zaidi ya yote, uzito unapanda juu. Magunia na watu juu ya motokari ndefu, hapo hata shofere mzuri hana la kufanya.

Basi chagua kwa mzigo. Land Cruiser 79, tangu 1999, mbele iko na resori za kuzunguka, nyuma iko na malame. Malame yanatengenezwa kwa daraja: mengine ni ya motokari inayotembea karibu tupu, mengine ya ile inayobeba kilo 300 kila siku, mengine ya 500. Ukiweka malame magumu na unatembea tupu, nyuma inaruka kama mbuzi mu njia ya mawimbi, na pine isiyogusa udongo haishiki freni. Ukiweka malaini na unabeba magunia, utakuwa umelipa urefu ambao mzigo unaukula wote. Na malame mapya hayaongezi kilo zilizoandikwa na wenye kutengeneza motokari.

Kwa sisi tunaobebwa na motokari za kazi, hii ni kazi ya delege. Kampuni moja ya sutretansi iliinua motokari zake, tulipouliza wakatujibu ni mambo ya garaje. Hapana. Mu komite ya ijeni na sekirite uliza: waliinua sentimetri ngapi, repartiteri ilirekebishwa na nani, karatasi iko wapi? Wakikosa jibu, iandikwe mu proseverbali.

Na wewe mwenye motokari yako: amortiseri zinunuliwe pamoja na resori, za urefu unaofaa. Bride zinazofunga malame ziwe mpya, kisha urudi kuzikaza kisha kilometri 500, juu malame mapya yanajikalia. Mekanisie akikuuliza unabeba nini, ukae umsikilize. Akianza kupima kwa mkono tu, geuza motokari, uende ku garaje ingine.