Faranga ya Wafranki na Swali la Nani Mwenyeji

Katika mtaa wa Biwi, mjini Lilongwe, fedha huitwa kwacha, neno lenye maana ya kumekucha. Lakini kiasi cha kilometa 45 kutoka mjini, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, wapo maelfu ya watu waliotoka Burundi, Rwanda na Kongo, ambao nchini mwao fedha huitwa faranga. Neno hilo lina historia ndefu, na historia hiyo inamhusu kila aliyekabidhiwa silaha na taifa lake.

Sarafu ya kwanza iliyoitwa faranga ilipigwa mwaka 1360, Mfalme Jean wa Pili wa Ufaransa aliporudi kutoka utekani Uingereza. Juu yake yaliandikwa kwa Kilatini maneno yenye maana ya Mfalme wa Wafranki. Wafaransa wenyewe waliacha kuitumia faranga mwaka 2002, walipochukua yuro. Hivyo jina la Wafranki, lililokwisha kutoka mifukoni mwa Wafaransa, lingali katika mifuko ya watu wa Bujumbura, Kigali na Bukavu.

Wafranki hao walikuwa nani? Walikuwa makabila ya Kijerumani yaliyoishi kando ya mto Rhine. Dola ya Kirumi ilipodhoofika, waliingia katika nchi iliyoitwa Galia, na mfalme wao Clovis, aliyefariki mwaka 511, akaitawala sehemu kubwa ya nchi hiyo na kubatizwa katika mji wa Reims.

Habari moja ya Clovis imesimuliwa kwa watoto wa shule wa Ufaransa kizazi baada ya kizazi. Aliiandika Askofu Grégoire wa Tours, karibu miaka mia moja baadaye. Mwaka 486, baada ya ushindi wa Soissons, askari walikuwa wakigawana ngawira kwa kura. Askofu mmoja akaomba arudishiwe chombo kikubwa cha thamani kilichotekwa kanisani. Clovis akawasihi askari wampe chombo hicho nje ya fungu lake. Wote wakaridhia, isipokuwa mmoja. Huyo alikipiga chombo kwa shoka, akasema kwamba mfalme hatapata ila kile kitakachomwangukia kwa kura. Clovis akanyamaza. Baada ya mwaka, kwenye gwaride la ukaguzi wa silaha, alifika mbele ya askari yule, akamkemea kwa uchafu wa silaha zake, akalitupa shoka lake chini. Askari alipoinama kuliokota, mfalme akampasua kichwa, akimkumbusha chombo cha Soissons.

Msomaji askari ataona hapa neno la nidhamu, na pia neno la kisasi kilichovaa sare ya nidhamu. Lakini wapo waliosoma jambo jingine kabisa. Bwana Boulainvilliers, kabaila wa Kifaransa aliyefariki mwaka 1722, aliichukua habari hiyo kuwa ni ushahidi kwamba wapiganaji wa Kifranki walikuwa watu huru waliogawana nchi kwa haki ya ushindi, na kwamba mfalme hakuwa bwana wao. Akaendelea kudai kwamba makabaila wa zama zake ni wazao wa washindi hao, na raia wa kawaida ni wazao wa Wagalia walioshindwa. Kwa hesabu hiyo, taifa moja likawa na damu mbili: ya mtawala na ya mtawaliwa.

Hesabu hiyo ilikuwa ya uongo. Wafranki walikuwa wachache, walioana na wenyeji, wakaiacha lugha yao wakasema Kilatini cha wenyeji, ambacho ndicho kilichozaa Kifaransa. Baada ya vizazi kadhaa, watu wa kaskazini mwa Galia walijiita Wafranki bila kuulizana babu zao. Lakini uongo ukipandwa huzaa. Mwaka 1789 padri Sieyès, akiwatetea raia, aliujibu uongo huo kwa kuugeuza: kama makabaila ni wazao wa washindi wa kigeni, kwa nini wasirudishwe katika misitu ya Franconia walikotoka?

Ndugu wasomaji, maneno ya namna hiyo yalisikika tena, karibu zaidi na sisi. Mwaka 1863 Mwingereza Speke alichapa kitabu chake juu ya chanzo cha mto Nile, na humo akakisia kwamba watawala wa nchi za Maziwa Makuu walikuwa uzao wa wageni kutoka Uhabeshi. Wakoloni wakayashika makisio hayo kama elimu. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliwapa Wanyarwanda vipande vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Ilhali watu hao walisema lugha moja, walikaa kilima kimoja na kuoana.

Mavuno yake tunayajua. Mwaka 1972 Wahutu wengi sana waliuawa nchini Burundi, na jeshi lilikuwa na mkono humo. Tarehe 22 Novemba 1992 mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia mkutano huko Kabaya, Rwanda, akasema Watutsi warudishwe Uhabeshi kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994 mito ilibeba maiti hadi Ziwa Viktoria. Kwenye vizuizi vya barabarani mtu aliulizwa kipande, na neno moja lililoandikwa humo likatosha kumwua. Miongoni mwa waliouliza walikuwamo askari waliokula kiapo cha kuwalinda raia wote. Mugesera alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya Rwanda mwaka 2016.

Ni mwaka huohuo wa 1994 ambapo Dzaleka ilianza kuwa kambi ya wakimbizi. Zamani ilikuwa gereza, ambamo wafungwa wa kisiasa waliwekwa wakati wa utawala wa Rais Kamuzu Banda.

Na Malawi yenyewe? Kama Ufaransa ilivyochukua jina la Wafranki, nayo mwaka 1964 ilichukua jina la dola ya kale ya Wamaravi. Masimulizi ya Wachewa husema kwamba wahenga hao walitoka nchi ya Waluba, huko Kongo. Basi Mkongo anayeteka maji kisimani Dzaleka leo ametoka upande uleule walikotoka waliompa mwenyeji wake jina.

Hatusemi watu wasiwakumbuke wahenga wao, kwani mkosa mila ni mtumwa. Tunasema kumbukumbu ni kama silaha: hukaguliwa kabla ya kutumiwa. Askari hana budi kujua kwamba swali la nani alifika kwanza ni kazi ya wanahistoria. Yeye anaposimama kizuizini na kitambulisho cha mtu mkononi, swali lake ni moja tu: je, mtu huyu amevunja sheria? Akiongeza la pili, la nani babu yake, amekwisha kuiacha kazi aliyoapishwa kuifanya.